Je, Wajua? Namna Ndege ya Kivita Inavyodanganyika

Je, wajua kwamba kikaratasi chenye urefu wa sentimita 27 na upana wa sentimita 2 kiliwahi kupofusha ulinzi wa anga wa jiji zima? Jiji lenyewe ni Hamburg, Ujerumani, na usiku ni ule wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943. Rada hurusha mawimbi ya redio na kungoja mwangwi urudi. Utepe wa metali wenye urefu wa nusu ya wimbi huurudisha mwangwi huo kwa nguvu isiyolingana kabisa na udogo wake. Rada za Würzburg, zilizoelekeza mizinga na kurunzi za Wajerumani, zilitumia wimbi la takriban sentimita 53. Gawa kwa mbili, unakipata kikaratasi chetu.

Ilikuwa karatasi nyeusi iliyobandikwa utando wa alumini upande mmoja. Vipande vilifungwa mafungu ya karibu 2,000, na ndani ya kila ndege ya Uingereza palikuwa na mtu wa kusukuma fungu moja nje kila dakika. Fungu lilipotawanyika hewani, lilionekana kwenye kioo cha rada kama ndege nyingine ya mabomu. Usiku huo zilimwagwa tani 40 hivi, yaani vipande kama milioni 92. Wajerumani waliona maelfu ya ndege zisizokuwepo. Kurunzi zikatangatanga, mizinga ikapiga popote. Kati ya ndege 791 zilizotumwa, hazikurudi 12.

Majaribio ya mwanzo ya vikaratasi hivyo yalifanywa na mwanamke, mwanafizikia wa Wales aitwaye Joan Curran, mwaka 1942. Mbona basi vikawekwa kabatini zaidi ya mwaka mzima? Kwa hofu tu. Waingereza walijua kwamba wakivimwaga mara moja, Wajerumani wataviokota mashambani na kuviiga. Wajerumani nao, kumbe, walikuwa wameshaugundua ujanja huohuo, na mkuu wa jeshi lao la anga, Hermann Göring, alikataza hata majaribio yasiendelee, kwa hofu ileile. Kila upande uliikalia siri ileile. Na tusisahau kwamba karatasi ziliokoa marubani, si wakazi wa Hamburg: mashambulizi ya siku zile yaliua watu zaidi ya 30,000.

Tangu hapo ndege ya kivita imekuwa ikiishi kwa habari inazopokea, na anayeishi kwa habari hudanganyika. Uongo mwingine hutoka kwa adui. Mwingine hutoka ndani ya ndege yenyewe, na kwa maoni yangu huo ndio wa kuogopwa zaidi.

Je, wajua kwamba vita vya mawimbi vilianza kabla ndege hazijawa silaha? Tarehe 15 Aprili 1904, meli za Japani zilikuwa zikiipiga mizinga bandari ya Port Arthur, iliyokuwa mikononi mwa Warusi, huku zikielekezwa kwa redio mahali makombora yanapoangukia. Warusi, kutoka kituo cha nchi kavu na kutoka manowari yao Pobeda, wakafungulia mitambo yao na kuyafunika mawasiliano yale kwa kelele. Jeshi la Urusi huiadhimisha siku hiyo mpaka leo.

Je, wajua kwamba ndege kali zaidi ya Marekani huko Vietnam ilipata ushindi wake mkubwa kwa kujifanya dhaifu? Mwanzoni mwa 1967, ndege za F-105 zilizosheheni mabomu zilikuwa zikipita njia ileile kila mara kwenda Hanoi, nzito na zisizoweza kukwepa vizuri, na MiG-21 za Vietnam Kaskazini zikizivizia. Kanali Robin Olds akaomba ruhusa ya kufanya hila. Tarehe 2 Januari aliwapeleka marubani wa F-4, ndege za kupigana na ndege, wakipita njia ya F-105, kwa mwendo wa F-105, kwa kimo cha F-105, wakiitana redioni kwa majina ya F-105, na wakiwa wamening'iniza chini ya bawa vifaa vya kuvuruga rada ambavyo hadi siku hiyo vilibebwa na F-105 peke yake. Kwenye rada ya Hanoi, hao walikuwa windo la kawaida. MiG zikatoka mawinguni na kukuta simba ndani ya ngozi ya kondoo. Wamarekani walitangaza kutungua saba. Wavietnamu wenyewe huhesabu tano, na marubani wote watano walijirusha wakapona. Kifaa cha kuvuruga rada hapo hakikuficha kitu. Kilitumika kama kitambulisho cha kughushi.

Je, wajua kwamba hesabu zilizozaa ndege ya Marekani "isiyoonekana" ziliandikwa Moscow? Mwaka 1962 mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alichapisha kazi ya kukokotoa jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za umbo fulani. Wakuu wa Kisovieti waliona haina manufaa ya kijeshi, wakaiachia ichapwe. Miaka ya 1970 tafsiri yake iliangukia mikononi mwa Denys Overholser, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya Lockheed, naye akaigeuza programu ya kompyuta. Matokeo yake ni F-117, iliyoruka mara ya kwanza 1981. Umbo lake la ajabu, vipande bapa vilivyokatwa kama kito, lilitokana na uwezo mdogo wa kompyuta za siku zile: nyuso bapa ziliweza kukokotolewa, zilizopinda zikawashinda.

Ndege moja ya aina hiyo ilitunguliwa usiku wa tarehe 27 Machi 1999 karibu na kijiji cha Buđanovci, Serbia, kwa kombora la S-125, mtambo wa Kisovieti ulioanza kazi mwaka 1961. Kiongozi wa kikosi alikuwa Kanali Zoltán Dani. Rada yake ya kutafutia, P-18, ilikuwa kuukuu na ilitumia mawimbi marefu ya takriban mita 2. Wabunifu wa F-117 waliwaza mawimbi mafupi ya sentimita chache, yale yanayoelekeza makombora. Wimbi linalokaribia ukubwa wa mkia au kipande cha bawa halikwepeki kirahisi kwa umbo. Picha iliyotokea kwenye P-18 ilikuwa hafifu, isiyotosha kulenga, lakini ilimwambia Dani upande gani wa kutazama.

Na hapo ndipo nidhamu yake ilipofanya kazi. Ndege za NATO zilizokuwa zikiishambulia Serbia zilibeba makombora yanayofuata miali ya rada mpaka mlangoni kwake. Dani aliwaamuru watu wake wawashe rada ya kulengea kwa sekunde chache tu, isizidi 20, kisha wazime na wahame. Vikosi vingine vilivyokaa na rada zao zikiwaka vilipigwa. Rubani wa F-117, Dale Zelko, alijirusha na kuokolewa baada ya saa zipatazo nane. Vita vilipokwisha Dani akawa mwokaji mikate, na mwaka 2011 wawili hao walikutana uso kwa uso. Hakuna ndege isiyoonekana, na haijawahi kuwepo. Kuna ndege inayochelewa kuonekana, na urefu wa kuchelewa huko hutegemea sana nani anatazama.

Ukuukuu una heshima yake. Tarehe 6 Septemba 1976, rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alitorokea Japani na MiG-25, akatua uwanja wa Hakodate na kuupita mwisho wa njia ya kurukia. Nchi za Magharibi ziliiogopa ndege hiyo kuliko zote. Wataalamu walipoifungua walikuta chuma cha pua kilichochomelewa mahali walipotarajia titani, na ndani ya rada yake wakakuta valvu, zile taa za kioo za redio za babu zetu. Wengine walicheka. Lakini rada hiyo ilikuwa na nguvu ya kilowati 600, ya kupenya kelele nyingi za kuvuruga kwa ubavu tu, na valvu zilistahimili joto. Udhaifu wake ulikuwa kwingine: mifumo yake ilipozwa kwa pombe, lita kwa mamia, na mafundi wa viwanja vya mbali walikuwa wakiinywa.

Sasa tuingie ndani ya ndege.

Je, wajua kwamba ndege ghali kuliko zote iliyowahi kuanguka iliangushwa na unyevu? Tarehe 23 Februari 2008 ndege ya B-2, yenye thamani ya dola bilioni 1.4, ilikuwa ikiondoka kisiwa cha Guam, ambako mvua na fukuto ni jambo la kila siku. B-2 haina mkia. Bila kompyuta zake hairuki. Kompyuta hizo hujua mwendo na mkao wa ndege kupitia vihisi 24 vya shinikizo la hewa vilivyopachikwa mwilini. Unyevu ukaingia katika vihisi vitatu. Mafundi wakavirekebisha vipimo vyake vikiwa vimelowa, kisha joto la kupasha vihisi likaukausha unyevu ule, na vipimo vyote vikawa vya uongo. Kompyuta ikadhani ndege ina mwendo wa kutosha na pua imeinamia chini, kwa hiyo ikaiinua pua kwa nguvu, nyuzi 30 hivi. Bawa la kushoto likagusa ardhi. Marubani wawili walijirusha wakaokoka.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba dawa ilikuwa inajulikana. Baadhi ya mafundi waliowahi kufanya kazi Guam walishagundua kwamba ukiwasha kwanza joto la vihisi, unyevu unakauka na vipimo vinakaa sawa. Walielezana kwa mdomo. Hakuna aliyeiandika kwenye kitabu cha taratibu, na zamu iliyofuata haikuwa na habari.

Miaka kumi na saba baadaye, baridi ya Alaska ilifanya kilekile ambacho fukuto la Guam lilifanya. Tarehe 28 Januari 2025 F-35 ilipaa kutoka kituo cha Eielson, hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Rubani alipokunja magurudumu, lile la mbele likakataa kuingia sawasawa. Alipolishusha tena, likabaki limepinda kuelekea kushoto. Kilichofuata sijawahi kukisikia katika historia yote ya urubani. Huku akizunguka angani, aliunganishwa kwa simu na wahandisi watano wa kampuni ya Lockheed Martin, wakajadiliana naye karibu dakika 50. Uamuzi ukawa kwamba aguse njia ya kurukia kidogo na kupaa tena, huenda gurudumu likanyooka. Akafanya hivyo mara mbili. Halikunyooka.

Wasichokijua wote ni kwamba mafuta ya haidroliki ndani ya miguu ya magurudumu yalikuwa yamechanganyika na maji. Uchunguzi ulikuta karibu theluthi nzima ni maji, na maji hayo yameganda. Kwa kuigusa njia mara mbili, miguu ya nyuma nayo ikakwama ikiwa imebonyea, kama inavyokuwa ndege inapokuwa imesimama. Vihisi vikaripoti uzito juu ya magurudumu. Kompyuta ikapokea taarifa hiyo kwa uaminifu wote na kubadili mfumo wa uendeshaji kuwa wa ardhini, ndege ikiwa ingali hewani. Rubani akabaki na usukani usiotii, akajirusha, naye akaumia kidogo tu. F-35 ilianguka wima na kulipuka. Siku tisa baadaye ndege nyingine ya kituo kilekile ilipatwa na barafu hiyohiyo, lakini hiyo ilitua salama. Chanzo kilikuwa pipa la mafuta lisilotunzwa vizuri.

Mengine ni mafupi. Februari 2007 kundi la F-22 lilikuwa likitoka Hawaii kwenda Okinawa. Zilipovuka mstari wa kubadili tarehe katikati ya Bahari ya Pasifiki, kompyuta zake zikagoma kwa pamoja: mfumo wa njia, vipimo vya mafuta na sehemu ya mawasiliano, vyote kwisha. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, na ndege za kuongezea mafuta zilikuwa jirani; zile ndege za kisasa kuliko zote duniani zikazifuata kwa macho mpaka Hawaii. Programu ilirekebishwa ndani ya siku mbili. Mwaka 1984, ndege aina ya Tornado ya Ujerumani Magharibi ilianguka baada ya kupita karibu mno na mitambo mikubwa ya redio huko Holzkirchen. Mawimbi ya matangazo ya kawaida yalizipanda nyaya zake. Na Machi 2023, kwa hesabu ya ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, ni asilimia 55 tu ya F-35 za nchi hiyo zilizokuwa tayari kwa kazi kwa wakati wowote ule. Zilizobaki zilikuwa zikingoja vipuri na karakana.

Je, wajua kwamba hata ukimya unaweza kusomwa kama uongo? Ndege za kivita hubeba kifaa cha kujitambulisha kinachojibu swali la rada za upande wao. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2003, Tornado ya Uingereza ilikuwa ikirudi Kuwait kutoka Iraki huku kifaa hicho kikiwa kimekufa bila wahudumu wake kujua. Mtambo wa Marekani wa makombora ya Patriot uliuliza, haukujibiwa, ukaihesabu ndege ile kuwa kombora la adui linaloshuka. Wahudumu wote wawili waliuawa. Siku iliyofuata rubani wa F-16 wa Marekani alisikia kengele ya kulengwa na rada, akafyatua kombora, akaipiga rada hiyo. Ilikuwa ya Patriot ya jeshi lake mwenyewe. Bahati njema hakuna aliyeumia.

Je, wajua jinsi GPS ilivyo dhaifu? Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu, na kila moja hutangaza kwa nguvu isiyozidi sana ile ya balbu ya sebuleni. Kinachofika ardhini ni kidogo mno, hivyo mtambo mdogo wa kelele unaweza kukizamisha. Huko New Jersey, dereva mmoja wa gari la kampuni alinunua kifaa cha kuzima GPS ili bosi asijue anakozurura, na alipokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Newark mfumo wa kuongozea ndege ukayumba. Mwaka 2013 alitozwa faini ya karibu dola 32,000. Mwezi Mei 2024 shirika la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima, kwa kuwa utuaji wa huko ulitegemea GPS na GPS ilikuwa ikivurugwa. Huku kwetu, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka huohuo kuvurugwa na kughushiwa kwa GPS Kivu Kaskazini, jambo lililoziathiri ndege za walinda amani na za misaada. Vita vya mawimbi si habari za Ulaya peke yake.

Kuna waliolitarajia hili. SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani ya miaka ya 1960, ilijua mahali ilipo kwa kutazama nyota kupitia dirisha dogo mgongoni, hata mchana. Nyota haizimwi na kelele. Na huko Ukraine, droni zilipozidi kuangushwa kwa kukatiwa mawimbi, mafundi wa pande zote mbili walirudia waya: droni hupaa huku ikifungua nyuma yake uzi wa kioo mwembamba wa kilomita 10 au 20, na amri hupita humo. Mtambo wa kuvuruga mawimbi hauna cha kuvuruga. Zaidi ya miaka mia moja ya ujanja wa redio, na jibu likawa kamba.

La mwisho ni la wadudu, maana wao walitutangulia kwa mamilioni ya miaka. Popo huwinda gizani kwa mwangwi wa sauti kali tusizozisikia, ambayo ndiyo rada kwa njia nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba nondo aitwaye Bertholdia trigona humvuruga popo kwa kutoa milio inayofikia 4,500 kwa sekunde. Alipoondolewa uwezo wa kutoa sauti, popo walimkamata kwa urahisi zaidi. Huyo hupiga kelele. Mwingine hujificha, naye ni wa Afrika: Bunaea alcinoe, nondo mkubwa wa kahawia mwenye madoa kama macho, anayepatikana Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Hana masikio, hawezi kumsikia popo akija. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waligundua kwamba magamba madogo ya mabawa yake hutikisika kwa masafa ya sauti ya popo na kuimeza sauti hiyo, hivyo mwangwi unarudi umepungua. Ni kazi ileile inayofanywa na rangi maalumu za F-117 na B-2, tena haihitaji karakana yenye kiyoyozi. Ila kinga hiyo huja ukubwani tu. Akiwa bado kiwavi huonekana vizuri kabisa, na Kongo huokotwa, hukaangwa na kuliwa.